Elphaba anaomba nini hasa? Kuuelewa wimbo wa mtu aliyetengwa

Tangu filamu ya Wicked ilipoingia kwenye kumbi za sinema Novemba 2024, na sehemu ya pili ikafuata Novemba 2025, watu wengi waliozoea filamu za kawaida wametoka na maswali yale yale. Mbona wanaimba katikati ya mazungumzo? Huyu msichana wa kijani, Elphaba, ni mbaya au ni mwema? Na mbona ule wimbo wake wa mwanzo, watu wengine wanauita wimbo wa furaha na wengine unawaliza?

Maswali yote matatu yanajibika ukiusikiliza vizuri wimbo wenyewe. Unaitwa "The Wizard and I". Nitauendea polepole, nikianza na mambo mepesi. Asiyetaka kujua mwisho wa hadithi kabla ya kuitazama aiweke makala hii pembeni kwanza, maana mwisho siwezi kuukwepa.

Tuanze na tamthilia ya muziki ni nini. Ni mchezo wa jukwaani ambamo wahusika wanazungumza, wanaimba na mara nyingi wanacheza, na hadithi inasonga mbele kwa njia zote tatu. Ngome zake kubwa ni Broadway ya New York na West End ya London. Wicked ilizaliwa huko. Ilifunguliwa Broadway tarehe 30 Oktoba 2003, muziki na maneno ya nyimbo vikiwa vya Stephen Schwartz, mazungumzo yakiwa ya Winnie Holzman, na filamu ikaja zaidi ya miaka 20 baadaye. Tamthilia nayo ilitokana na riwaya ya Gregory Maguire ya mwaka 1995. Maguire alimchukua yule mchawi mbaya wa hadithi ya L. Frank Baum ya mwaka 1900 kuhusu nchi ya kubuni ya Oz, akampa vitu ambavyo Baum hakumpa: jina la Elphaba, wazazi na utoto.

Kinachowachanganya wengi wetu ni mazoea. Kwenye taarab mwimbaji anajua kwamba anaimba. Amesimama mbele za watu, watu wanainuka kwenda kumtunza, na fumbo lake limemlenga mtu aliyekaa palepale ukumbini au jirani wa mtaa wa pili. Katika tamthilia ya muziki mhusika hana habari kwamba anaimba. Tunachosikia ni yaliyomo moyoni mwake, yametolewa nje ili sisi tuyasikie. Anaanza kuimba pale mazungumzo yanapomshinda, yaani pale jambo lililomjaa limekuwa zito kuliko maneno ya kawaida. Na kama mtunzi anaijua kazi yake, wimbo ukiisha hadithi haiko tena pale ilipokuwa. Mhusika ameamua jambo, au ameligundua, au amejidanganya. Wanaosema nyimbo zinasimamisha hadithi huwa wanakwenda kununua bisi wakati jambo muhimu kuliko yote linatokea.

Miongoni mwa nyimbo hizo kuna aina moja ambayo watunzi wa Marekani wanaiita wimbo wa "nataka". Huwekwa mapema, mara nyingi wimbo wa pili, wa tatu au wa nne, na kazi yake ni kutuambia shujaa anatamani nini kuliko kitu kingine chochote. Lehman Engel, kondakta aliyeanzisha warsha ya watunzi mjini New York mwaka 1961, aliisisitiza sana. Sababu yake ni rahisi. Ukiwa ndani ya basi ukajua kwamba mama aliyekaa pembeni yako anashuka Chalinze, basi likipita Chalinze bila kusimama utashtuka kwa niaba yake. Usipojua anakoshuka, hata akipitilizwa hadi Morogoro huoni tatizo lolote. Wimbo wa "nataka" unamwambia mtazamaji kituo cha kushukia. Kuanzia hapo kila pigo linalompata shujaa linatuuma na sisi.

Nguvu ya wimbo huo ilionekana wakati wa kutengeneza filamu ya katuni ya The Little Mermaid, iliyotoka mwaka 1989. Kwenye onyesho la majaribio watoto walianza kuhangaika vitini wakati nguva Ariel anaimba kwamba anatamani kuishi na watu wa nchi kavu, na mkubwa wa studio akataka wimbo uondolewe. Mtunzi wa maneno yake, Howard Ashman, alikataa katakata, akisaidiwa na mchoraji wa Ariel. Wimbo ukabaki. Uutoe, na unabaki na msichana anayemkimbia baba yake bila sababu.

Karibu mara zote anayeimba wimbo huo ni mtu wa pembeni, na hili si la kushangaza. Aliyeshiba hana cha kuimba hapo. Lakini watu wa pembeni hawaombi kitu kimoja. Eliza, muuza maua wa My Fair Lady ya mwaka 1956, anataka chumba chenye joto, kiti kikubwa na mtu wa kumjali. Quasimodo, kwenye filamu ya katuni ya mwaka 1996 ambayo maneno ya nyimbo zake aliyaandika Schwartz huyuhuyu, anatazama mitaa ya Paris kutoka juu ya mnara wa kanisa na kuomba siku moja tu ya kutembea kati ya watu. Maombi yao yana mpaka. Unaweza kumpa Eliza kiti. La Elphaba ni zito zaidi, na ndiyo sababu nadhani wimbo wake unastahili kusikilizwa neno kwa neno.

Nani anaimba

Elphaba alizaliwa na ngozi ya kijani. Baba yake, gavana wa Munchkinland, sehemu mojawapo ya Oz, alimkataa siku ile ile. Mama alipopata mimba ya pili, baba akaogopa asizaliwe mwingine wa rangi ile, akawa anamtafunisha mkewe maua fulani usiku na mchana. Mtoto, Nessarose, akazaliwa kabla ya wakati, miguu yake haiwezi kutembea, na mama akafia kwenye uzazi. Elphaba amekua akiamini kwamba yote hayo yeye ndiye chanzo.

Anapofika Chuo cha Shiz, kwenye tamthilia ya jukwaani, ametumwa kumwangalia mdogo wake. Kabla hajaketi, wanafunzi wanamkodolea macho, naye anawapa majibu ambayo hakuna aliyeyauliza: hapana, hasikii kichefuchefu; ndiyo, amekuwa hivi tangu azaliwe; hapana, hakula majani utotoni. Watazamaji hucheka hapo. Mimi huona uchungu, kwa sababu mtu aliyeshika kwa moyo majibu ya maneno ya kejeli kabla hayajatamkwa amekwisha kuyasikia mara nyingi mno. Kisha baba anamkabidhi Nessarose viatu vya vito, zawadi ya kuanza chuo. Elphaba anapewa maagizo.

Muda mfupi baadaye kiti cha magurudumu cha mdogo wake kinashikwa na mtu mwingine, hasira inampanda, na uchawi aliouficha maisha yake yote unalipuka mbele ya kila mtu. Anangoja adhabu. Badala yake Madame Morrible, mwalimu mwenye cheo kikubwa pale chuoni, anamwambia kwamba hicho ni kipaji, na kwamba atamwandikia Mchawi Mkuu anayetawala Oz ili siku moja amchukue kuwa msaidizi wake. Kisha anaondoka. Elphaba amebaki peke yake, na hapo anaanza kuimba.

Anachoomba

Anaanza kwa sauti ya chini, karibu na kuongea, kama mtu asiyeamini masikio yake. Kumbe lile jambo alilokuwa akilikandamiza na kulionea aibu ndilo litakalomfikisha kwa mtawala! Halafu mawazo yanaanza kukimbia. Mchawi Mkuu atamwona na kumtambua mara moja, kwa hekima yake. Wakishakuwa pamoja, hakuna tena baba asiyejivunia mtoto wake, wala mdogo wa mtu anayeona haya kuonekana naye. Oz nzima itabidi impende, kwa sababu mkubwa ameshamkubali.

Tazama mpangilio huo. Hawaombi watu wampende. Anaomba mtu mmoja mwenye madaraka awaamuru, kwa heshima yake tu, wampende. Mtoto aliyekataliwa na baba amekwenda kumtafuta baba mkubwa zaidi.

Kisha linakuja lile fungu ambalo wengi hulipita haraka kwa sababu lina mchezo wa maneno na hadhira hucheka. Elphaba anamtungia Mchawi Mkuu maneno ya kusema. Siku moja, anaota, atamwambia: msichana mwenye wema mwingi hivi ndani, si ingefaa na nje yake ilingane? Na kwa kuwa watu wa hapa wameing'ang'ania mno rangi yako, je, utaudhika nikikuondolea huo ukijani? Naye Elphaba anajijibu kwamba kwake jambo hilo si muhimu hata kidogo, lakini sawa, kwa nini asikubali.

Ndoto ni yake. Maneno ya Mchawi Mkuu ameyatunga yeye. Hakuna mtu chumbani wa kumcheka. Na bado, ndani ya ndoto yake mwenyewe, anajifanya hajali. Hapo ndipo moyo wa wimbo ulipo. Elphaba haombi kukubaliwa akiwa kijani. Anaomba atengenezwe, kisha akubaliwe. Amekubaliana na waliomkataa kwamba kasoro ni yake, anachotafuta ni fundi.

Kwa hiyo wanaouita wimbo wa kujiamini wamesikia nusu. Siwalaumu, kwa sababu muziki unapanda na kupanda hadi ile noti ndefu ya mwisho, na sauti ya Idina Menzel, aliyekuwa Elphaba wa kwanza Broadway na kupata tuzo ya Tony, ile ya tamthilia za Broadway, mwaka 2004, ilifanya mwisho huo usikike kama ushindi. Furaha yake ni ya kweli. Lakini onyesho lote lilianza na wananchi wa Oz wakisherehekea kifo cha mchawi huyu, aliyeyeyuka alipomwagiwa maji. Mtazamaji amekwisha kuiona sherehe hiyo kabla Elphaba hajafika chuoni. Sasa yeye, kwenye kilele cha wimbo, anatabiri kwamba iko siku Oz nzima itafanya sherehe kubwa kwa ajili yake, na kwamba furaha atakayokuwa nayo itakuwa kubwa hata angeweza kuyeyuka.

Yote mawili yanatimia.

Ninachokipenda kwa Schwartz hapa ni kwamba okestra haimsaliti. Angeweza kuweka mlio wa giza chini ya maneno hayo ili kutukonyeza. Hakufanya hivyo. Muziki unakimbia pamoja na msichana, unaamini anachoamini, na kazi ya kuogopa ameachiwa mtazamaji. Kabla yake alikuwa ameandika wimbo mwingine mahali hapohapo, ulioitwa "Making Good", kuhusu kijana anayekusudia kufanikiwa na kuonekana wa maana. Uliondolewa kabla onyesho halijafika Broadway. Ukilinganisha, unaona kilichobadilika: tamaa ya jumla ya kufanikiwa imepewa uso wa mtu. Kufanikiwa hakuwezi kukusaliti. Mchawi Mkuu anaweza.

Noti saba

Sasa tuingie kwenye muziki wenyewe, na hahitajiki mtu aliyesoma noti. Karibu na mwisho wa wimbo mwendo unapungua ghafla, na Elphaba anaimba neno "unlimited", akimaanisha kwamba maisha yake ya mbele hayana mpaka. Noti saba za mwanzo za sehemu hiyo ni zile zile zinazofungua "Over the Rainbow", wimbo wa Harold Arlen ambao Judy Garland aliuimba kwenye filamu ya Oz ya mwaka 1939. Schwartz amelieleza hili hadharani. Mapigo na mpangilio wa sauti zinazoandamana na noti hizo amevibadilisha, ndiyo maana sikio halishtuki. Yaani mchawi mbaya anaota kwa noti za Dorothy, msichana ambaye hadithi ya zamani ilimpa huruma yote. Tamaa yao ilikuwa moja: mahali ambapo mtu hasumbuliwi. Mmoja alipewa upinde wa mvua, mwingine akapewa ufagio na jina baya.

Noti hizo zinarudi. Mwisho wa nusu ya kwanza, ambapo ndipo filamu ya kwanza inaishia, Elphaba amekutana na Mchawi Mkuu na kugundua kwamba hana uchawi wowote. Ni mtu wa maneno matamu anayetawala kwa kuwapa wananchi adui wa kumchukia, na adui aliyechaguliwa ni Wanyama wenye akili na usemi, ambao wanafukuzwa kazi na kunyang'anywa sauti. Kipaji cha Elphaba alikihitaji ili apate majasusi wenye mabawa. Yule ambaye angemkubali amemkubali kweli, kwa masharti hayo. Anakataa. Ndani ya "Defying Gravity" anaimba tena "unlimited", lakini safari hii anamwambia Glinda, rafiki yake, kwamba wakiwa wawili hawatakuwa na mpaka. Mchawi Mkuu ametoka kwenye sentensi, rafiki ameingia. Na anakiri kwamba kwa muda mrefu mno ameogopa kupoteza mapenzi ambayo pengine alikwisha kuyapoteza zamani.

Hiyo ndiyo maana "Defying Gravity" ukiukata na kuutazama peke yake kwenye simu unakuwa wimbo mzuri wa ujasiri na basi. Ukiutanguliza na "The Wizard and I" unakuwa jibu. Msichana anakataa kitu alichokuwa amekiomba kwa sauti yake mwenyewe, wiki chache tu baada ya kukiomba, au ndivyo mtazamaji anavyohisi.

Msikilizaji wa Kiswahili ana kipimo chake cha jambo hili. Siti binti Saad alitoka Fumba, Unguja, muuza vyungu wa ukoo wa kitumwa, akaingia mjini akaimba mpaka akarekodiwa Bombay mwaka 1928. Waliomdharau walimtungia shairi la kumuuliza amekuwa mtu lini, yeye aliyekuja mjini na kaniki. Jibu lake linajulikana: uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Siti hakuomba sura nyingine wala ukoo mwingine. Elphaba inamchukua nusu ya onyesho kufika mahali ambapo jibu la Siti linaanzia, na kwangu hilo halimpunguzii thamani. Yeye ni kijana, hana mtu, na hajawahi kuambiwa na yeyote kwamba anatosha.

Je, kijani ni rangi ya watu weusi?

Swali hili linaulizwa sana tangu Cynthia Erivo, mzaliwa wa London mwenye wazazi Wanigeria, apewe nafasi hiyo kwenye filamu. Jibu fupi ni kwamba kijani hakikuanzia hapo. Mchawi wa Baum kitabuni ana jicho moja, na hasemwi kuwa wa kijani. Kijani kilikuja na filamu ya 1939, Margaret Hamilton alipopakwa rangi usoni. Maguire na Schwartz wakakirithi na kukifanya alama ya utengwa wowote, ndiyo maana mtu mwenye ulemavu, mgeni wa nchi, au mtoto anayechekwa darasani kila mmoja anajiona pale.

Lakini kusema hivyo na kuishia hapo ni kukwepa. Erivo alimsuka Elphaba nywele nyembamba, na mwanamke mweusi anapoimba kwamba labda mkubwa fulani atamwondolea rangi yake ya ngozi ili watu wamtazame vizuri, maneno yale yale ya mwaka 2003 yana uzito mwingine. Broadway kwenyewe, mwanamke mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo kwa kudumu, Lencia Kebede, alianza mwaka 2025 tu. Sisi tunaoishi mahali ambapo krimu za kujichubua zinauzwa kwenye kila mtaa hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini mzaha ule wa kuondolewa ukijani haucheshi kila mtu.

Lililobaki ni swali ambalo sehemu ya pili ya filamu imelizua: hatimaye alikubaliwa? Na Oz, hapana. Kuhusu Mchawi Mkuu, jibu ni chungu kupita lile la kwanza. Inagundulika kwamba ndiye aliyemzaa. Kinywaji cha kijani alichompa mama yake ndicho kilichompa rangi. Yaani yule ambaye Elphaba aliota kwamba angekuwa baba yake na kumwondolea kijani alikuwa baba yake kweli, na kijani alimpa yeye. Mzee huyo alikwisha kuimba mapema kwamba siku zote alitamani kuwa baba. Anajua ukweli baada ya kumwinda binti yake hadi mwisho.

Kwa Glinda, ndiyo, alikubaliwa, na akiwa kijani vilevile. Wanapoagana, kabla ya wimbo wao wa mwisho, zile noti zinarudi mara ya tatu, safari hii Elphaba akisema kwamba yeye ana mpaka, na kwamba Glinda ataweza yale ambayo yeye hakuyaweza. Glinda anataka kuwaambia watu ukweli kumhusu. Elphaba, aliyetamani nchi nzima ilijue jina lake, anamwapisha asijaribu kulisafisha, kwa sababu watu watamgeukia na yeye.